Kanuni ya nishati kwenye majengo ikishapitishwa, nani anaisimamia? (Uzi mrefu kidogo)

Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna jambo limenikaa kifuani miaka mingi, leo nimeona niliweke hapa. Nilianzia kazi ofisi ya vibali vya ujenzi, baadaye nikahamia upande wa nishati. Kote nilikopita nimesikia kauli moja vikaoni: tunahitaji kanuni ya matumizi bora ya nishati kwenye majengo. Basi kanuni inaandikwa, inazinduliwa, picha zinapigwa. Wiki inayofuata ramani zinapita mezani vilevile kama zamani, maana afisa anayezipokea hajafundishwa aangalie nini, fomu yake haina hata mstari mmoja wa jambo hilo, na pembeni yake kuna rundo la ramani nyingine zinazosubiri muhuri.

Ninachoamini ni hiki: uwezo wa serikali tunaujenga kuanzia juu, wakati ulitakiwa uanzie kwenye meza ya ramani na kwenye saiti. Wizara inaweza kuwa na wataalamu kumi wa sera. Kama mamlaka zinazotoa vibali hazina hata mtu mmoja wa kusoma upande wa nishati wa mchoro, wale kumi wanaandikia kabati.

Kwa nini nalichukulia kwa uzito hivi? Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba kuendesha majengo tu, yaani kupoza, kupasha joto, taa, maji ya moto, kupika na vifaa, kunakula takriban asilimia 30 ya nishati yote inayomfikia mtumiaji duniani. Na jengo si friji. Friji likichoka unanunua jingine. Jengo linakaa miaka 50, mengine 100. Dirisha kubwa la kioo lililoelekea magharibi bila kivuli, umeme wake wa kiyoyozi utalipwa na watu ambao bado hawajazaliwa. Kosa la siku moja ya kugonga muhuri linarithiwa.

Sasa tazameni waliofanikiwa walianza vipi. California, kule Marekani, ilipitisha mwaka 1974 sheria ya Warren-Alquist, iliyounda tume ya nishati ya jimbo, baada ya mshtuko wa bei ya mafuta. Tume hiyo ikaanza kazi 1975, na viwango vya kwanza vya majengo, vile vya Title 24, vikatoka 1978. Angalieni mpangilio: chombo kwanza, watu kwanza, kanuni baadaye. Viwango vile hupitiwa kila baada ya miaka mitatu hadi leo, na wanaovipitia ni wafanyakazi wa kudumu wanaokumbuka mara iliyopita mkandarasi alilalamikia kifungu gani na kwa nini. Jingine ni kwamba tume imekuwa ikigharamiwa kwa tozo ndogo sana kwenye kila uniti ya umeme. Mshahara wa mhandisi wake hausubiri mradi wa mfadhili uidhinishwe.

Kwingi nilikoona mimi mambo huenda kinyume. Anakuja mshauri elekezi kwa miezi 18, anaandika kanuni nzuri kweli, anaendesha warsha nne, anaondoka na kompyuta yake yenye mahesabu yote. Mwaka unaofuata mtu anauliza, "Hiki kiwango cha joto linaloruhusiwa kupita kwenye paa tulikipataje?" Hakuna wa kumjibu. Kanuni inakuwa kama nyumba ya kurithi ambayo hati yake haipo.

Nitaendelea. Karibuni.

Msanifu

Mkuu, uzi mzuri, ila unawabebesha maafisa peke yao. Mimi nachora majengo. Mteja akija anataka kioo mbele, nyuma na pembeni kwa sababu ameona jengo la jirani. Nikimwambia habari ya vivuli na mwelekeo wa jua ananiambia hizo nitaziweka kwenye jengo langu mwenyewe. Halafu jengo ni la kupangisha, bili atalipa mpangaji. Kwa nini ajali?

Na hata nikichora vizuri, kwenye saiti wanabadilisha. Kihami joto cha darini, yaani lile tabaka la kuzuia joto la paa lisishuke ndani, kinaondolewa ili kufidia gharama iliyozidi kwenye msingi.

Mleta uzi

Msanifu, umegusa penyewe, na yote mawili yanarudi kwenye hoja ileile.

La kwanza, anayejenga si anayelipa bili. Soko haliwezi kulitatua hilo lenyewe, kwa kuwa mpangaji haoni tofauti siku ya kutazama chumba. Hapo ndipo serikali inahitajika, kwa kulazimisha tofauti ionekane. Australia walianza mwaka 1998 na mfumo wa nyota kwa ofisi, ule ambao leo unaitwa NABERS. Nyota zinatokana na bili halisi za miezi 12, hazitokani na ahadi za kwenye mchoro. Mwaka 2010 sheria ikamtaka anayeuza au kupangisha ofisi kubwa aonyeshe nyota zake kwenye tangazo. Mwanzoni ilihusu nafasi ya mita za mraba 2,000 na zaidi, mwaka 2017 ikashushwa hadi 1,000. Serikali yenyewe, ambaye ni mpangaji mkubwa kuliko wote, ikawa inadai nyota kadhaa kabla ya kusaini mkataba wa pango. Mwenye jengo aliyekuwa hajali akaanza kujali, maana mpangaji anayelipa kwa uhakika alikuwa anampita.

La pili, saiti. Hapa nina maneno mengi kwa sababu ndipo nilipoumia.

Nondo hukaguliwa lini? Kabla ya zege kumwagwa. Kila fundi analijua hilo, na mwenye nyumba pia analijua. Kihami joto nacho kinafunikwa. Dari ikishapigwa huwezi kujua kama juu yake kuna kitu au kuna hewa tupu. Lakini ratiba ya ukaguzi niliyoikuta ilikuwa na hatua ya msingi, hatua ya nondo, hatua ya lenta, kisha ya mwisho. Ya kabla ya kufunika paa haikuwapo. Mkaguzi akifika mwisho anakuta rangi imeshapakwa, anaandika "imekidhi". Wala hadanganyi, ameandika alichoweza kukiona. Kuongeza hatua moja kwenye ratiba hakuhitaji sheria mpya, kunahitaji mtu anayejua kwa nini hatua hiyo ipo.

China walilikabili hili kwa namna yao. Walikuwa na viwango vya nishati vya majengo ya maeneo ya baridi tangu 1986, na kwa miaka mingi utekelezaji ulikuwa hafifu. Kilichobadilisha mambo ni kuingiza nishati kwenye hatua ambazo tayari zilikuwa na meno: michoro ikapitiwa na ofisi zenye leseni, wasimamizi wa saiti wakapewa wajibu wa kuangalia, na kuanzia 2007 kukawa na kanuni ya kitaifa ya kupokea kazi za nishati jengo linapokamilika. Kama sehemu hiyo haijakidhi, jengo halipokelewi.

Fundi Viyoyozi

Naomba niseme la upande wetu. Watu wanapima kiyoyozi kwa macho. Chumba kikubwa, weka kikubwa. Mara nyingi kinazidi mahitaji kwa mbali, kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, unyevu hautoki, watu wanasikia baridi ya maji, wanafungua madirisha. Nimeingia ofisi madirisha yako wazi na viyoyozi vinafanya kazi. Hakuna aliyewahi kuniuliza hesabu ya mzigo wa joto wa chumba, yaani joto kiasi gani kiyoyozi kinatakiwa kuliondoa, awe mteja au mkaguzi. Wangeuliza, ningeifanya. Tumesomea.

Mleta uzi

Fundi, ahsante sana kwa hili. Hilo neno "wangeuliza, ningeifanya" natamani liandikwe ukutani kwenye kila ofisi ya vibali. Utaalamu mara nyingi upo mitaani tayari, ila serikali haijaweka mahali pa kuupokea. Fomu ya kibali ikiwa na kisanduku kinachosema "ambatisha hesabu ya mzigo wa joto, iliyosainiwa", mafundi kama wewe mnapata kazi ya kufanya kitu sahihi na mteja hawezi kukuruka.

Mhasibu

Mimi niko upande wa fedha serikalini, nimesoma kimya tangu mwanzo. Mnasahau kitu. Taasisi ikipunguza bili ya umeme, mwaka unaofuata bajeti yake ya umeme inapunguzwa kwa kiasi hichohicho. Mkuu wa taasisi anapata nini? Anabeba usumbufu wa kubadilisha taa na viyoyozi, hela inarudi hazina. Na kwenye zabuni tunabanwa tuchukue bei ya chini. Kiyoyozi cha bei ya chini ndicho kinachokula umeme zaidi. Najua, lakini nikichukua cha juu mkaguzi wa hesabu ananiuliza mimi.

Mleta uzi

Mhasibu, ungenipa ruhusa ningechukua maneno yako niyaweke juu kabisa ya uzi.

Hapa watu wa nishati tunakosea sana. Tunafundisha wahandisi tu. Afisa manunuzi, mkaguzi wa hesabu na mtu wa bajeti hatuwaiti kwenye mafunzo, halafu tunashangaa mambo yanakwama mezani kwao. Zabuni inayopima gharama ya kununua pamoja na ya kuendesha kwa miaka kumi inawezekana kisheria sehemu nyingi. Kinachokosekana ni mwongozo ulioandikwa ambao wewe unaweza kumwonyesha mkaguzi wa hesabu, na mkaguzi mwenyewe awe ameusoma.

Kuhusu pesa kurudi hazina, upo mfano wa Berlin. Tangu 1996 jiji limekuwa likiweka majengo yake kwenye mafungu: shule, ofisi, mabwawa ya kuogelea, mengi kwa pamoja, na kuingia mkataba na kampuni ya huduma za nishati. Kampuni inaweka mtaji wake, inafunga vifaa, inahakikisha bili inashuka kwa kiwango kilichokubaliwa, na inalipwa kutokana na kile kilichookolewa. Jiji nalo linapata sehemu yake tangu mwanzo. Kuweka majengo kwenye fungu moja kulisaidia, kwa sababu jengo dogo peke yake halimvutii mwekezaji. Ila msidhani ilitokea yenyewe. Ilihitaji wakala wa nishati wa jiji anayejua kuandaa mkataba, kukokotoa matumizi ya msingi, yaani majengo yalikuwa yanakula kiasi gani kabla ya mradi, na kubishana na kampuni pale inaposema imeokoa. Serikali isiyo na mtu wa kukokotoa matumizi ya msingi ikisaini mkataba wa namna hiyo, itapewa namba na itaikubali.

Kwa hiyo hata unapotaka kutumia sekta binafsi, bado unahitaji watu wako. Narudia hili kwa sababu nimesikia mara nyingi kwamba "tutawaachia wakaguzi binafsi". Sawa, waachieni. Lakini mkaguzi binafsi analipwa na mwenye jengo. Nani atarudia kukagua sehemu ndogo ya kazi yake bila taarifa, na nani atamnyang'anya leseni akibainika amesaini bila kufika?

Mchangiaji mwingine

Mkuu, hoja zako nzuri, lakini nchi zenye ofisi zilizochoka haziwezi kuwa kama California. Kanuni ya kurasa 300 nani ataisoma? Naona bora tusubiri uwezo ukue ndipo tuweke kanuni.

Mleta uzi

Nakubaliana na nusu ya kwanza. Nusu ya pili nakataa, maana wakati tunasubiri, majengo hayasubiri.

Njia ninayoiamini ni kuanza na kanuni fupi inayolingana na watu ulionao. Kuna namna mbili za kuandika kanuni hizi. Moja inasema fanya hivi na hivi: kioo kisizidi sehemu fulani ya ukuta, dirisha linalopigwa na jua liwe na kivuli, paa liwe na kihami joto au rangi inayorudisha jua, kiyoyozi kiwe na lebo ya daraja fulani, taa zisizidi wati kadhaa kwa kila mita ya mraba. Nyingine inasema nionyeshe kwa programu ya kompyuta kwamba jengo zima litatumia kiasi fulani tu cha nishati. Ya pili inampa msanifu uhuru zaidi, na kwa majengo makubwa ni nzuri. Lakini afisa asiyejua kuendesha ile programu hawezi kujua kama amedanganywa. Kwa hiyo anza na ya kwanza, na ndani yake chagua mambo manne au matano ambayo mkaguzi anaweza kuyathibitisha kwa macho na futi kamba. Kivuli kipo au hakipo.

Pia anza na wachache. India walipitisha sheria yao mwaka 2001, ofisi yao ya ufanisi wa nishati ikaanza Machi 2002, na kanuni ya majengo ikaja 2007. Haikuwekwa kwa kila nyumba, ilihusu majengo ya biashara yenye mzigo mkubwa wa umeme: kilowati 100 au zaidi. Tena ilikuwa ya hiari mpaka jimbo husika litangaze kuifanya sheria kwake. Hapo ndipo somo lao lilipo. Kanuni ilitoka makao makuu, lakini vibali vinatolewa na mamlaka za miji, hivyo kila jimbo lililazimika kuirekebisha kwa hali yake ya hewa, kuiingiza kwenye sheria ndogo za miji na kufundisha watu wake. Kasi ikatofautiana mno kati ya jimbo na jimbo, ingawa waraka ulikuwa mmoja. Walipoipitia upya mwaka 2017 walikuwa tayari na miaka kumi ya kujua wapi pagumu.

Kenya nao, kwa kanuni za 2012, walianza na wanaotumia sana: jengo au kiwanda kinachozidi uniti 180,000 za nishati kwa mwaka kilitakiwa kifanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu. Kizingiti kama hicho kinamsaidia msimamizi mwenye watu wachache, maana anajua milango ya kugonga.

Na Japani, ambao hatuwezi kusema wana ofisi zilizochoka, walikuwa na sheria ya kuokoa nishati tangu 1979. Kufanya viwango kuwa lazima kwa majengo yote mapya, nyumba ndogo zikiwamo, kumefika Aprili 2025. Walikusudia 2020 wakaahirisha, na moja ya sababu ilikuwa wajenzi wadogo kutokuwa tayari. Muda huo hawakuulalia, waliendesha mafunzo kwa mafundi wa nyumba mwaka baada ya mwaka. Mimi naona wangeweza kwenda haraka zaidi, lakini hakuna anayeweza kusema fundi wao alishtukizwa.

Afisa mpya

Shikamoo wakuu. Mimi ndiyo kwanza nimeajiriwa, nimepewa dawati la nishati, niko peke yangu. Sina bajeti mwaka huu. Naomba mnielekeze nianze na nini kesho asubuhi, maana nikisoma uzi naona mlima.

Mleta uzi

Marahaba. Usiogope, kuwa peke yako ndiyo hali ya wengi tulivyoanza.

Usianze na kanuni. Anza na majengo ya serikali yenyewe, maana hayo huhitaji ruhusa ya mtu wa nje kuyaangalia. Chagua kumi. Omba bili za umeme za miezi 12 za kila jengo na ukubwa wa sakafu zake kwa mita za mraba. Gawanya uniti za mwaka kwa mita za mraba. Hiyo namba moja itakufundisha zaidi ya warsha yoyote: utaona ofisi mbili zinazofanana, moja inakula mara mbili ya nyingine. Nenda kwenye ile inayokula sana, nenda jioni baada ya watu kuondoka, tazama nini bado kinawaka.

Halafu fanya urafiki na mtu wa vibali. Kaa naye siku mbili akipitisha ramani, usimfundishe kitu, tazama tu. Utajua fomu yake ina nafasi ya maswali mangapi mapya kabla haijawa mzigo. Binafsi nilipofanya hivyo niligundua kwamba maswali 22 niliyokuwa nimeandaa yalitakiwa kuwa matano.

Na uandike kila hesabu mahali ambapo atakayekufuata ataikuta. Daftari la ofisi, lisiwe la kwako.

Fundi Viyoyozi

Mdogo wangu, ukikwama kwenye upande wa viyoyozi andika hapa hapa, tutakusaidia bure.

Mhasibu

Bili omba kwa barua kupitia mkuu wa idara, nakala kwa mhasibu mkuu. Ukipita kwa mdomo utazungushwa.

Afisa mpya

Wakuu nimerudi, imepita kama miezi miwili. Mhasibu ahsante, barua ilifanya kazi. Nimepata bili za majengo saba kati ya kumi. Ukubwa wa sakafu haukuwa umeandikwa popote kwa matano, nimepima mwenyewe kwa futi kamba nikisaidiwa na mlinzi.

Mambo niliyokuta: mita moja inalisha majengo mawili, kwa hiyo siwezi kuyatenganisha. Akaunti moja tunailipia kila mwezi ila nimezunguka na hakuna jengo, nimeambiwa lilibomolewa. Na ile ofisi inayoongoza kwa kula umeme nilienda usiku kama ulivyosema. Viyoyozi vya ukumbi wa mikutano vilikuwa vinaunguruma, ukumbi umefungwa kwa kufuli, mwenye ufunguo yuko likizo.

Mleta uzi

Umefanya kazi kubwa kuliko unavyofikiri. Ile akaunti ya jengo lililobomolewa iandikie barua leo, usisubiri ripoti nzima. Mkuu wa idara akiona fedha imeokolewa bila kununua hata taa moja, ukirudi kuomba mita ya pili ya yale majengo mawili atakusikiliza. Ya ukumbi, muulize Fundi hapo juu kuhusu saa ya kuzima yenyewe.

Majengo matatu yaliyobaki usiyaache. Ambao hawakutoa bili ndio ningependa kujua wanatumia kiasi gani.